Mwili Unaoondoka Nao Kesho

Mwanangu Faida,

Umetoka kwenda kusukwa karibu na soko la Base Camp, na ninavyomjua yule msusi wako na mdomo wake, hutarudi kabla jua halijapoa. Kwa hiyo nimefunika cherehani, nimevuta kiti mlangoni, na naandika juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Kesho asubuhi gari linakuja kukuchukua. Habari za koti, za makaratasi, na za kutombebea mtu mzigo usioujua umeshaambiwa na kanisa zima, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nataka tuzungumze juu ya sahani ya jana.

Tangu safari yako ikubaliwe, hakujapita siku hapa nyumbani bila mtu kuleta kitu cha kukulisha. Ndiyo desturi yetu, sisi watu wa Fizi, Kongo, tulioko huku Uganda: anayekwenda mbali huondoka na mashavu, wenyeji wa kule wasije wakasema tulikuwa tunamfungia chakula. Mama Bahati, jirani yetu, ndiye bingwa wa kazi hiyo. Jana sala ya kukuaga ilipomalizika akakuwekea bugali bwa muhogo, mkubwa kama mto wa kulalia, na ndagala, wale samaki wadogo wa kwetu, waliopikwa kwa mawese, na soda pembeni. Ukala kidogo, ukasogeza sahani. Mimi ndiye niliyepaza sauti.

“Juu ya nini unakatala chakula? Unataka bazungu baseme hatukukulisha?”

Ukanitazama, kisha ukasema mbele ya wote, bila haraka: “Mama, kule fasi balitupima kwa safari, dokta aliniambia sukari yangu inaanza kupanda. Haitanikataza kwenda, lakini nisichezee nayo.”

Mama Bahati akashika kidevu. Nami, badala ya kukuuliza daktari alisema nini zaidi, nikakuambia unadeka, hiyo ni hofu ya safari tu, kula. Nilisema hayo huku miguu yangu nimeificha chini ya kitenge, mguu wa kushoto ukiwa na vidole vinne. Nyani haoni kundule.

Leo tangu asubuhi najiuliza: imekuwaje mimi, kati ya watu wote waliokuwa pale, ndiye niliyekulazimisha kula? Sijapata jibu zima, ndiyo maana naandika. Ninachokiogopa nakisema mapema, kabla sijazunguka sana. Naogopa umerithi kwangu mambo mawili, sukari na kuificha. La kwanza sikulichagua, lakini la pili nilikufundisha mwenyewe, na sitaki ulibebe mpaka Kanada ambako sitakuwepo kukuona ukiumwa kimyakimya.

Tulipofika hapa kambini Nakivale ulikuwa mgongoni, na marehemu baba yako alikuwa amebeba sufuria na Biblia. Mimi nilikuwa nimekonda hata pete ya ndoa ilikuwa inanivuka, nikaifunga kwenye pindo la kitenge isipotee. Kitu ambacho sijawahi kukuambia ni kwamba hedhi yangu ilikatika kwa miezi mingi. Nilidhani nina mimba, kisha nikadhani nimerogwa, kisha nikachoka kudhani. Kumbe mwili ulikuwa umefunga mlango, kama mwenye duka aliyesikia risasi. Ulipoona pametulia ukafungua wenyewe bila kuniomba ruhusa. Tangu siku ile nimekuwa mdadisi wa mwili. Tunaishi nao ndani ya ngozi moja na hatujui unawaza nini.

Nilichogundua kwanza ni kwamba mtu anaweza kufika mahali, mwili wake ukachelewa. Mimi nilikuwa nimeshafika, nimeandikishwa, nimepewa kiwanja, nimejenga, lakini tumbo langu bado lilikuwa Fizi. Lilitaka bugali bwa muhogo na samaki wa ziwani. Hapa tukapewa unga wa mahindi na maharage. Nilikuwa nakula nashiba, na bado nasikia njaa, njaa ya kitu fulani isiyokuwa ya chakula. Nikawa naituliza kwa chai yenye sukari nyingi, kwa sababu utamu wa sukari haukuwa mgeni kwangu: wa hapa na wa kwetu ni uleule. Nadhani ndilo litakalokukuta na wewe. Mwili wako nao utatafuta huko kitu cha kuushika mkono, na sijui kitakuwa nini. Ningependa kujua.

Baba yako alipofariki nilikwenda nawe mjini Mbarara kutafuta kazi, nikapata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Hajati. Huenda unakumbuka, ulikuwa unalala chini ya meza juu ya mabaki ya vitambaa. Hajati alikuwa mama mpana, mcheshi, mzaliwa wa hapohapo, mwenye Kiswahili chake cha sokoni ambacho ulikiiga mpaka nikakufinya. Nchi ile ni ya ng'ombe, na kwake maziwa hayakukatika. Nikanywa maziwa, nikala matoke, nikanywa chai ya maziwa na maandazi, na nikakaa kitako asubuhi mpaka jioni. Nyayo tu ndizo zilizokuwa zinatembea, juu ya pedali. Haukupita muda mrefu nikawa mtu mwingine. Pete ilirudi kidoleni, kisha ikakataa kutoka.

Nilipokuja Nakivale kusalimia, watu walinipokea kwa vigelegele. “Mbarara inakupenda!” “Eh, sasa uko mama muzima!” Na kazi ikaongezeka, kwa sababu watu humpa kitambaa fundi aliyenawiri, aliyekonda wanaogopa atakiuza ale. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa, na hata leo ndivyo ilivyo. Mwili wangu ulikuwa kibao changu cha biashara na niliupenda sana. Nilikuwa najishonea magauni mapya si kwa kuwa ya zamani yamechakaa, bali kwa raha ya kukuta hayanienei.

Kisha kiu ikaja. Jagi la maji la Hajati likawa kama langu. Nilikuwa naamka kwenda msalani, nikirudi nalala kidogo, naamka tena, na asubuhi nakuta sisimizi wamejaa pale nilipokojoa. Kutia uzi kwenye sindano ikawa kazi ya kubahatisha. Siku moja Hajati alikaa akiniangalia ninavyokunywa, akasema:

“Mama Faida, wewe nakunywa maji kama gari ya zamani. Enda pima sukari. Mimi iko nayo, najua. Usiogope, banange, natoboa kidole tu.”

Unajua nilisikia nini? Nilisikia mwenye duka akinionea kijicho. Nilisikia mtu anayenihesabia maziwa yake. Kwetu ugonjwa tunautambua kwa kukonda. Sijawahi kusikia aliyenenepa akiambiwa anaumwa, isipokuwa na mtu mwenye roho mbaya. Nikamjibu kwa heshima, na jioni nikaita mwenye baiskeli anibebee cherehani, nikahamia baraza jingine huko chini mtaani. Hajati hakuuliza kitu. Wewe ndiye uliyelia, kwa ajili ya kitanda chako cha mabaki.

Siku ya makaa ilikuja baada ya hapo. Nilikuwa napiga pasi shati la mteja, na ile pasi yangu ya mkaa kifuniko chake kilikuwa kimelegea. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikalinyanyua shati haraka, nikaligeuza, nikakagua kola, mikono, mgongo, halina doa. Nikakagua kitambaa cha mezani. Harufu inazidi. Wewe ndiye uliyesema, umesimama umeachama: “Mama, muguu.” Kaa la moto lilikuwa limetua juu ya kidole changu, limetulia, na mimi natafuta moto kwenye shati la mtu.

Sikusikia maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kidonda chenyewe. Nilikibonyeza kile kidole, ikawa kama nabonyeza kidole cha mtu mwingine. Kidonda kikakataa kupona. Nilipaka hiki na kile, nikaombewa, mwishowe nikapelekwa Ruharo, kwenye hospitali ya misheni. Wakanipima. Muuguzi akanieleza taratibu kwamba sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huidhuru mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanzia miguuni, ndiyo maana sikusikia moto. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Kwa nini ianzie mbali? Miguu imekosa nini? Na kwa nini mwili ulinidanganya, ukanenepa na kung'aa huku unaharibika? Akasema, “Haukukudanganya, mama. Kiu ilikuwa ni yenyewe inasema.” Kidole kikakatwa, mguu ukabaki, na namshukuru Mungu kwa mguu.

Aliyekuja kunitazama wa kwanza ni Hajati, na chupa ya chai isiyo na sukari. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akainua gauni lake kidogo, akanionyesha kovu kwenye mguu wake.

“Sasa sisi mbili iko darasa moja,” akasema. “Mimi nafikiri wewe nakasirika juu ya maziwa.”

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa maziwa. Akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka naye bila kujua habari. Mimi nililia. Nilimkimbia mtu aliyekuwa ananiokoa, na nilidhani najilinda.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo nimejifunza. Nilijifunza nusu. Nikaanza dawa, nikaacha sukari kwenye chai, nikawa natembea, nikakonda. Tuliporudi kuishi Nakivale, walewale wa vigelegele wakaanza kunisalimia kwa sauti ya chini. Kikundi cha maombi kikaja bila kualikwa. Mama mmoja akachukua kikwembe chake nikiwa nimeshaanza kukikata, akisema amebadili mawazo. Nilijua wanawaza ugonjwa gani, ule tusioutaja. Ningeweza kuwaambia ni sukari, lakini niliona kwamba mgonjwa ni mgonjwa tu, na mgonjwa hapewi kazi. Basi kidole nikakitungia hadithi: niliunguzwa na pasi. Si uongo mtupu, ndiyo maana ulinikaa vizuri mdomoni.

Na wewe nikakufundisha. Wakikuuliza mguu wa mama umefanya nini, sema pasi. Ulikuwa hodari wa kusema pasi. Vidonge vyangu nikavitia kwenye kopo la vifungo, na wakati wa kumeza ukifika, hata kama wageni wamejaa, ulikuwa unaniletea kopo na kusema, “Mama, vifungo byako,” na uso mkavu kama wa hakimu. Nilikuwa najivunia akili yako. Leo nikikumbuka, moyo unaniuma, kwa sababu mtoto aliyezoea kuficha ugonjwa wa mama yake anaweza kuficha wa kwake bila hata kujua kwamba anaficha. Kumbe hukuzoea. Jana ulisema mbele ya watu, na mimi mwalimu wako nikakufokea.

Sasa nikueleze habari ya shangazi yako Nyota, ambaye ndiye atakupokea, maana iko sehemu usiyoijua. Alipoondoka nilimshonea gauni la safari na vipimo vyake nikabaki navyo kichwani. Baadaye akaomba nguo ya harusi ya rafiki yake huko. Nikashona kwa vipimo vya zamani, nikaongeza kidogo kwa ajili ya maisha mazuri. Gauni likafika, likakwama mabegani. Tulicheka kwa furaha! Nilipeleka picha yake kanisani ikazungushwa kwenye simu kutoka mkono hadi mkono, na watu wakasema Mungu amemkumbuka Nyota.

Mimi lakini nilikuwa na swali. Nilijua Nyota anafanya kazi usiku, anapakia kuku kwenye mashine za baridi, analala mchana, na pesa anatutumia. Huku kwetu anayefanya kazi hivyo hukonda. Nikamuuliza inakuwaje. Akasema, “Wifi, huku mutu anachokaka bila kutembea.” Yaani mtu huchoka bila kupiga hatua: anatoka mlangoni anaingia garini, anatoka garini anaingia kazini, anasimama mahali pamoja mpaka zamu iishe. Baridi inamfungia ndani. Akirudi hakuna wa kula naye, anakula akiangalia simu, na anasema chakula kinacholiwa peke yako hakina mwisho, kwa sababu hakuna anayenyoosha mkono kwenye sahani hiyohiyo. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Sisi huku tunapimiana tonge bila kujua. Mkono wa mwenzako unakuambia bado, au unakuambia inatosha.

Kisha daktari akamkuta na presha, akamwambia apunguze na atembee. Nyota akatii. Akawa anatembea hata kwenye theluji, amejifunika kama mzigo. Nikamshonea nguo nyingine kwa vipimo vya unene, akapiga picha, mabega yananing'inia. Unajua nilifanya nini? Mimi, niliyekonda nikaombewa bila ruhusa, nilimpigia simu. Nikamwambia, “Wifi, juu ya nini unatuletea haya? Kula!” Na lile kundi la maombi nikalialika mwenyewe.

Baada ya simu ile picha za Nyota zikaanza kukatwa shingoni. Uso tu, unatabasamu. Nikimuuliza vipimo anasema ni vilevile, na mimi, fundi wa miaka yote hii, sikujiuliza. Juzi juzi tu, tulipokuwa tunapanga mapokezi yako, ndipo aliponiambia. Alichoka kupimwa nasi kwa picha, akaacha kutembea. Alirudia kula mpaka mashavu yakarudi, ili tupumue sisi, na presha ikamlaza hospitali bila sisi kujua. “Nilikuwa nakulaka juu ya macho yenu, hapana juu ya njaa yangu,” alisema. Hakuwa na hasira. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, nikiwa nimeshika simu, na hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nadhani hapo ndipo jibu la sahani ya jana lilipo, au sehemu yake. Wageni walipokutazama, niliona wananitazama mimi. Mwili wangu ulishaacha kuwa kibao cha biashara, nikauweka wako pale mlangoni. Mashavu yako yalikuwa yanasema kwamba Mama Faida, mjane, mkimbizi, amelea. Ulipokataa bugali nikasikia umeshusha kibao changu mbele ya watu. Ni jambo la aibu kuliandika, lakini nikilitazama kwa karibu nalicheka pia. Mtu mzima, nywele nyeupe kichwani, anapigania heshima yake kwa ndagala.

Kwa hiyo sikuambii unenepe wala ukonde. Sijui utakuwaje, na napenda kwamba sijui. Nyota anasema wengine hufika huko wakakonda kwa upweke, na wengine wakajaa kwa upweke huohuo. Mimi nimeshapima viuno vingi, na bado sielewi inakuwaje jambo moja litoe vipimo viwili. Gauni lako la safari nimelishona na kitambaa kingi ndani ya mishono, pande zote mbili. Ukijaa, fumua, kitambaa kipo. Ukipungua, ingiza. Nyota ana sindano, na wewe unajua kushona japo unajifanya hujui.

Ninachokuomba ni habari tu. Niambie maji ya huko yana ladha gani, na kama kiu yake ni kama kiu ya hapa. Niambie njaa inakujia saa ngapi, wakati hakuna anayetwanga wala kukaanga kitu jirani. Niambie miguu inasemaje jioni ndani ya viatu vile vizito. Kama hedhi itavurugika usidhani umerogwa, niambie. Niambie kama kuna siku umekula na usijue umekula nini, na nani alikuwa karibu, au kama hakuwepo mtu. Nitumie picha nzima, kuanzia kichwani mpaka chini, na nikikosea nikasema “umenenepa” au “umekonda” kama kawaida yangu, nikatie simu. Sitanuna. Nitanuna kidogo.

Nimeacha kalamu, na sasa nimeishika tena. Mama Bahati alikuja hapa. Alileta sahani iliyofunikwa, maandazi ya moto.

“Mutoto iko wapi? Minamuletea ya mwisho, asiende na tumbo wazi,” akasema. “Na ile maneno ya sukari alisema jana, usihangaike. Badokta banapenda kutisha bantu. Sukari ni ya batajiri.”

Nilikuwa nimeshapokea sahani. Ningeweza kusema aksanti, akaenda zake, na mambo yakabaki kama yalivyokuwa. Nilikuwa na neno pasi hapahapa kwenye ulimi, limezoea mahali pake. Lakini barua hii ilikuwa mezani, wino haujakauka, nikaona haya mbele ya karatasi yangu mwenyewe.

“Mama Bahati,” nikamwambia, “Faida hatakula hizi. Ile maneno ni ya kweli. Na mimi niko nayo, hii miaka yote. Kidole hakikukatwa juu ya pasi. Ni sukari.”

Nikangoja ile sauti ya chini. Alitazama mguu wangu. Kisha akageuka kutazama njiani kama kuna mtu anapita, akakaa kwenye kiti chako, akachukua sahani akaiweka mapajani.

“Inaanzaka namuna gani?” akauliza.

Faida, haikuwa sauti ya huruma wala ya umbea. Ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. Nikamwambia kiu, kuamka kuamka, macho. Akawa anatikisa kichwa kwa kila kimoja. Kisha akavua kandambili moja, akashika unyayo wake.

“Mimi, huku chini,” akasema, “siku hizi ni kama nimevaa soksi. Na sijavaa kitu.”

Mtu huyu tumeishi naye mlango kwa mlango tangu turudi kutoka Mbarara. Ameniazima chumvi, nimemshonea nguo za ubatizo wa watoto wake, na kila alipouliza habari ya mguu wangu nilimwambia pasi. Angekuwa amesikia neno jingine angekuwa ameshajua kile anachokisikia kwenye nyayo zake ni nini. Badala ya kumwomba msamaha nikamshika ule mguu. Una joto, na bado unasikia nikiubonyeza kwa nguvu. Alisema nisimwambie mtu. Nikamwambia nitamwambia Faida. Akafikiri, akasema, “Faida hana neno, anaenda mbali.” Tukacheka sote wawili, na yeye akajipangusa macho kwa pindo la kikwembe.

Basi kesho gari lako likishaondoka, usinifikirie nimejifungia ndani nalia. Nitalia njiani, kwa sababu tutakuwa tunatembea kwenda kliniki ya Base Camp, Mama Bahati na mimi, yeye akiwa hajanywa chai, akatobolewe kidole. Ameniomba nimshike mkono. Mwanamke anayemchinja mbuzi bila kupepesa jicho anaogopa sindano! Nawe ukifika, Nyota amesema atakupeleka kwa daktari wake. Mkitoka huko nipigie kabla ya habari za theluji. Nitakuuliza wewe wamekuambia nini, na wewe utaniuliza wamemwambia nini Mama Bahati, na tutajibizana kwa sauti ya kawaida, hata kama nyumba imejaa wageni.

Nasikia kicheko chako kinakuja, na cha msusi wako nyuma yake. Naikunja hii niitie kwenye mkoba wako, uisome ukiwa juu ya mawingu ambako huwezi kurudi kunibishia.

Mungu akutangulie, mwanangu, na mwili wako ukufuate salama.

Mimi mama yako, fundi cherehani wa Nakivale, mwenye sukari.